Kukokotoa mzigo wa umeme wa reli za taa dukani kwa kanuni za Marekani

Reli ya taa ni mfereji mwembamba wa chuma unaofungwa darini na kupitisha umeme katika urefu wake wote, ili taa ziweze kupachikwa, kusogezwa au kuongezwa mahali popote. Kwa kuwa mwenye duka anaweza kuongeza taa kumi kesho bila kumwita fundi, kanuni za umeme za Marekani, yaani NEC, hazitegemei idadi ya taa zilizopo leo. Zinapima reli yenyewe: volti-ampea (VA, yaani volti mara ampea) 150 kwa kila futi 2, au sehemu yoyote ya futi hizo.

Tuchukue reli moja ya futi 25. Ukigawanya kwa 2 unapata 12.5, na kwa sababu sehemu nayo huhesabiwa kuwa nzima, tunachukua 13. Mara 150 inakuwa VA 1,950. Taa za duka kwa kawaida huwaka saa 3 au zaidi mfululizo, kwa hiyo nyaya na breka (swichi zinazojikata mkondo ukizidi) za kulisha ubao wa kugawia umeme hupimwa kwa asilimia 125 ya mzigo huo, yaani VA 2,437.5.

Hapa ndipo mafundi wengi hujikwaa. Wanagawa 2,437.5 kwa volti 120, wanapata ampea 20.3, wanaona imezidi saketi ya ampea 20, kisha wanakata reli au wanaongeza saketi ya pili bila sababu. Hesabu ya VA 150 ni ya nyaya za kulisha ubao na za kuingiza umeme katika jengo. Haiwekei kikomo urefu wa reli wala idadi ya taa kwenye saketi moja. Saketi hupimwa kwa taa zilizofungwa kweli. Taa 14 za LED za wati 12, zenye kipengele cha nguvu (uwiano wa wati kwa VA) cha 0.9, hutumia takriban VA 187, ambazo hazifiki hata ampea 2 baada ya kuongeza ile asilimia 25. Sharti lililopo ni kwamba mzigo uliofungwa usizidi uwezo wa reli, na breka ya saketi isizidi uwezo huohuo: reli ya ampea 20 hailishwi na breka ya ampea 30. (Aliyejifunzia kazi Dar es Salaam au Nairobi akumbuke kuwa Marekani anagawa kwa 120, si kwa 230 au 240.)

Mzigo wa reli unaweza kupunguzwa kihalali kwa kufunga kifaa kinachodhibiti mkondo unaoingia. Kikiwa cha ampea 5, utahesabu VA 600 (5 mara 120) badala ya 1,950.

Katika nyumba za kuishi na vyumba vya wageni hotelini, kanuni hii ya urefu haitumiki kabisa, kwa kuwa reli imekwisha kuingizwa katika mzigo wa jumla wa taa unaokokotolewa kwa eneo la sakafu.