Jinsi ya Kujua Kama Mbwa Wako Ni "Hatari" kwa Sheria ya England na Wales

Anayefuga mbwa England au Wales aanze kwa kutenganisha maswali mawili ambayo wengi huyachanganya: mbwa ana umbo gani, na mbwa amefanya nini. Sheria ya Mbwa Hatari ya mwaka 1991 ina kifungu kwa kila swali, na mbwa mpole anayelala miguuni pa watoto anaweza kuangukia kifungu cha kwanza bila kumwonyesha mtu hata jino.

Kifungu hicho kinapiga marufuku aina tano: Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino, Fila Brasileiro, na XL Bully aliyeongezwa mwishoni mwa 2023. Neno la kuzingatia ni "aina", kwa kuwa jina lililoandikwa na muuzaji halimfungi hakimu. Kinachotazamwa ni kama mbwa ana sifa za kutosha za mwili wa aina hiyo, hata akiwa chotara. Kesi ikifika mahakamani, mwenye mbwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba mbwa wake siye, jambo lililo kinyume kabisa na mazoea ya kesi za jinai.

Kwa XL Bully, anza na kimo. Msimamishe mbwa kwenye sakafu tambarare, laza rula juu ya mabega pale shingo inapoishia, wala si kichwani, kisha pima kutoka hapo hadi chini. Dume wa sentimita 51 au zaidi na jike wa 48 au zaidi wamefikia kimo. Ndipo ulinganishe kichwa, kifua na misuli na maelezo rasmi ya serikali. Tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kuwa naye bila cheti cha msamaha, na mwenye cheti humtoa nje akiwa amefungwa kamba na mdomo.

Kifungu cha tatu hakijali umbo. Mbwa yeyote akimpa mtu sababu ya haki ya kuhofia kuumizwa, anahesabiwa ameshindwa kudhibitiwa hata asipong'ata, na tangu 2014 hilo linahusu hata uani kwako. Kibao cha "Mbwa Mkali" tulichozoea kwenye mageti ya kwetu si kinga. Mtu akijeruhiwa, kifungo hufika miaka 5; akifa, 14. Upo utetezi kwa mbwa aliyemvamia mwizi ndani ya nyumba, lakini unaishia mlangoni: bustani haimo.