Geko-chui mgeni: siku 90 za karantini

Geko-chui ni jamaa wa mjusi kafiri wa ukutani, ila huyu ana kope za kufumba macho na vidole vyake havinati. Asili yake ni nchi kame za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Ukiwa tayari na mwingine nyumbani, mgeni akae siku 90 katika chumba tofauti, hata kama mfugaji aliyekuuzia unamwamini.

Mapambo yasubiri. Boksi la plastiki lenye mfuniko, sentimita 60 kwa 40, lililotobolewa matundu ya hewa ubavuni, linatosha. Tandika karatasi za jikoni. Mchanga usiweke: huumeza pamoja na chakula ukaziba utumbo, tena huficha kinyesi unachotaka kukiona. Maficho yawe matatu: upande wa joto, upande wa baridi, na kopo lenye karatasi mbichi ndani ili ngozi imtoke bila kukwama vidoleni.

Pedi ya joto ishike theluthi moja ya sakafu na iendeshwe na themostati, kifaa kinachozuia joto lisizidi kiwango ulichoweka, kihisi chake kikiwa kimebanwa palepale anapolalia. Hapo pawe 32°C. Upande wa pili 24 hadi 26. Pedi isiyo na themostati humuunguza tumbo.

Wiki ya kwanza usimshike. Akitishika sana hukata mkia. Jioni mwekee nyenje wawili watatu waliopakwa unga wa kalsiamu, wasiozidi nafasi iliyo kati ya macho yake. Asipowala watoe kabla ya kulala, maana usiku humtafuna yeye. Mkubwa mwenye mkia mnene anaweza kususa hata wiki mbili. Mtoto hana akiba hiyo ya mafuta mkiani: wiki ikipita hajala, mpeleke kwa daktari.

Mpime kila wiki kwa mzani wa gramu, uandike. Wakubwa wengi huwa kati ya gramu 50 na 80. Kinyesi kizuri ni kahawia, kimeshikamana, na pembeni kina donge jeupe, ndio mkojo wake. Kikiwa majimaji chenye harufu kali, uzito umeshuka asilimia 10, au mkia unakonda kama penseli, shuku kriptosporidia, kimelea cha utumbo kinachohofiwa kuliko vyote kwa sababu hakina tiba ya uhakika. Peleka kinyesi kibichi kwa daktari anayewajua reptilia, umwombe kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kimelea hicho. Jibu moja safi lisikulaze usingizi: kimelea hakitoki kila siku, kwa hiyo rudia mara mbili au tatu ndani ya karantini.

Wengi hukosea kwenye usafi. Klorini haikiui kimelea hiki. Mvuke wa moto au amonia ndiyo hufaa, na viwili hivyo, klorini na amonia, usivichanganye kamwe, hutoa gesi ya sumu. Hudumia wenyeji kwanza, mgeni mwisho. Koleo, bakuli na kitambaa chake visivuke mlango, nyenje aliowabakiza wasirudi kwenye kopo la wengine, nawe nawa mikono kwa sabuni, kwani reptilia hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, hata wakiwa wazima.

Akiingia mgeni wa pili chumbani humo siku ya 60, hesabu ya wote wawili inaanza upya.