Flashi ya TB 2 kwa shilingi 15,000? Ipime kwanza

Nina ugonjwa wa kununua vikorokoro vya kompyuta. Safari moja nilitoka Kariakoo na flashi iliyoandikwa TB 2, nikaijaza video za harusi ya binamu yangu. Majina ya faili yote yalionekana, ila zilizofunguka ni zile chache za mwanzo tu.

Ujanja uko kwenye chipu inayosimamia kumbukumbu: programu yake imechezewa itaje ukubwa wa uongo. Nafasi halisi ikiisha, flashi inaendelea kuitikia kwamba imepokea, kumbe data inatupwa au inaandikwa juu ya ile ya zamani. Orodha ya faili hukaa mwanzoni mwa flashi, ndiyo maana majina hubaki wakati vilivyomo vimeshapotea. Kwa hiyo kuangalia ukubwa kwenye Windows hakusaidii, unasomewa uongo uleule. Dawa ni kuijaza hadi pomoni, kisha kusoma tena kila kilichoandikwa.

Hatua ya 1. Hamisha vitu vyako vyote, kisha fomati flashi. Memori kadi nayo hupimwa hivihivi.

Hatua ya 2. Pakua H2testw. Ni programu ya bure ya Windows, iliyoandikwa na Harald Bögeholz wa c't, jarida la kompyuta la Ujerumani. Haihitaji kusakinishwa. Ikikusalimia kwa Kijerumani usishtuke, chagua "English".

Hatua ya 3. Bonyeza "Select target" uchague flashi yako (angalia herufi yake mara mbili). Acha "all available space" kama ilivyo, kisha bonyeza "Write + Verify".

Hatua ya 4. Subiri, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Flashi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde itatumia karibu saa 1 na dakika 47 kuandika tu, kusoma bado. Mimi huiacha usiku, laptopu ikiwa kwenye chaji na imezuiwa kulala.

Matokeo ya kijani ni salama. Yakiwa mekundu, tafuta maneno "DATA LOST". Mstari wa "OK" ulio karibu nayo ndio unaokuambia kiasi kilichosalimika. Lakini usimrudie muuzaji kwa ugomvi eti GB 64 inaonekana 59.6. Hiyo ni hesabu tu: kiwanda kinazidisha kwa 1,000, Windows kwa 1,024.

Wenye Linux tunatumia programu iitwayo F3, ya Michel Machado. Kwenye Ubuntu:

`sudo apt install f3`

Kisha `f3write` na `f3read`, kila moja ikifuatiwa na njia ya folda ya flashi. Ukiwa na haraka kuna njia ya mkato, ila inafuta kila kitu, kwa hiyo tumia kwanza `lsblk`, amri inayoorodhesha diski zote, kuhakikisha flashi yako ndiyo Linux imeipa jina la sdb kweli:

`sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdb`

Ikigundua udanganyifu, yenyewe inakuandikia amri ya `f3fix` ya kuibana flashi ibaki na ukubwa wake halisi. Nakili amri hiyo, iendeshe, kisha fomati sehemu mpya iliyotengenezwa.

Yangu ilibaki na GB 7 na ushee. Sasa inapiga taarabu kwenye gari, na haijawahi kukwama.