Kuhesabu visokoto vya usingizi na kuvilinganisha na alama za akili

Mtu akifika hatua ya pili ya usingizi, yaani N2, ubongo wake hutoa vipindi vifupi vya mawimbi ya 11 hadi 16 Hz (mizunguko kwa sekunde), kila kimoja kikidumu angalau nusu sekunde. Kwenye skrini ya EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, mawimbi huanza madogo, hupanda, kisha hushuka, kama uzi uliozungushiwa kijiti: mwembamba kwenye ncha, mnene katikati. Hapa tutaviita visokoto. Alfred Loomis na wenzake walivieleza Marekani mwaka 1935. Hutokana na talamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, kupashana ishara na gamba la ubongo, na ndiyo maana wanaochunguza akili huvifuatilia.

Anzia kichwani, kwa sababu rekodi nyingi huharibikia hapo. Nywele zioshwe siku hiyo na zisipakwe mafuta; rasta na wigi za kushonea zifumuliwe mahali pa elektrodi, yaani vikombe vidogo vya kunasa umeme wa ubongo. Tenga nywele kwa mkia wa kitana mpaka ngozi ionekane, sugua taratibu kwa jeli ya kukwangulia, futa, jaza kikombe cha elektrodi gundi ya kupitisha umeme, bandika, kisha funika kwa kipande cha shashi na ubonyeze. Pima ukinzani: ukizidi kiloomu 5, rudia kusugua, usiongeze gundi tu. Gundi ikitapakaa hadi elektrodi ya jirani, zote mbili zitasoma kitu kimoja.

Weka elektrodi F3 na F4 (mbele ya kichwa), C3 na C4 (katikati), O1 na O2 (nyuma), na elektrodi ya marejeo, ya kulinganishia, kwenye mfupa wa nyuma ya sikio la upande wa pili. Ongeza elektrodi za macho na kidevu. Rekodi angalau sampuli 256 kwa sekunde, na uchuje kati ya 0.3 na 35 Hz. Usiku wa kwanza ni wa kuzoea nyaya, kwa hiyo tumia data ya usiku wa pili.

Kabla ya kuhesabu chochote, gawa usiku katika vipande vya sekunde 30 na upange hatua za usingizi. Wanaoruka kazi hii huishia kuhesabu alfa, yaani mawimbi ya mtu ambaye hajalala bali amefumba macho tu. Ukiona shaka, linganisha elektrodi: alfa huwa na nguvu zaidi O1 na O2, kisokoto C3 na C4.

Sasa gawanya idadi ya visokoto kwa dakika za N2. Visokoto 720 katika dakika 240 ni 3 kwa dakika. Usitumie jumla ya usiku mzima, maana aliyelala muda mrefu atakuwa navyo vingi bila sababu nyingine. Tenga pia vya polepole, chini ya takriban 13 Hz, ambavyo huonekana zaidi mbele ya kichwa, na vya haraka vya katikati na nyuma yake.

Uliza umri na dawa. Visokoto hupungua kadiri mtu anavyozeeka, na diazepam, dawa ya kutuliza, huviongeza. Anayeitumia asichanganywe na wengine. Jaribio la akili lifanyike mchana, siku ambayo mtu amelala vizuri kwake, si asubuhi ya kuvuliwa nyaya.

Chambua wanawake na wanaume kando. Utafiti wa Péter Ujma na wenzake wa mwaka 2014, wenye watu wazima 160, ulikuta uhusiano wa visokoto na akili ukitofautiana kati ya jinsia hizo.

Mgawo wa uhusiano, yaani namba inayoonyesha visokoto na alama za akili vinavyokwenda pamoja kwa kiasi gani, ukiwa 0.2, unaeleza asilimia 4 tu ya tofauti za alama, kwa hiyo hakuna mzazi wa kuambiwa akili ya mwanawe kutokana na rekodi hii. Na ukiwa na watu 20, huo huo 0.2 una mipaka ya uhakika wa asilimia 95, yaani eneo ambamo thamani halisi huenda iko, kuanzia -0.27 hadi 0.59. Kwa watu 200, ni 0.06 hadi 0.33.