Namna ya Kuimba Mahali pa Mwimbaji Ambaye Mashabiki Bado Wanamlilia

Kabla hujaikubali kazi hii, elewa kwamba wengi watakaokuja ukumbini hawaji kwa ajili yako. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar na mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, alifariki dunia Novemba 1991, na hadi leo mashabiki wa bendi hiyo huingia ukumbini wakiwa wamevaa fulana zenye sura yake, ilhali anayeimba ni Adam Lambert, Mmarekani aliyekuwa na umri wa miaka 9 msiba ule ulipotokea.

Anza na suala la jina. Queen hawakumpa Lambert kiti cha Freddie. Waliandika jina lake kando ya jina la bendi kwa alama ya kujumlisha, kama walivyofanya awali kwa mwimbaji Paul Rodgers, na kwa maoni yangu alama hiyo ndogo imeepusha ugomvi mwingi. AC/DC, bendi ya roki ya Australia, walikwenda njia nyingine: mwimbaji wao Bon Scott alifariki Februari 1980, na Julai mwaka uo huo ikatoka albamu yenye jalada jeusi la maombolezo, Brian Johnson akiimba kama mwanachama kamili. Tofauti ni kwamba Johnson alikuwa na nyimbo mpya. Kwa hiyo waulize wanabendi wanaokukaribisha mapema: mnataka kutunga, au mnataka kuziimba zile za zamani? Ikiwa ni za zamani, usiikatae alama ya kujumlisha.

Katika mazoezi, jifunze maneno na sauti ya wimbo kutoka kwenye rekodi, kisha uiweke rekodi kando, kwa sababu ukiendelea kuisikiliza utaanza kuiga hata pumzi za marehemu. Ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti yake, ukikushinda, omba ushushwe tangu siku ya kwanza, maana mpiga gitaa naye atalazimika kubadili vidole. Vitu vilivyomtambulisha usiviguse: Freddie alizoea kushika nusu ya nguzo ya kipaza sauti, nawe ukiishika utaonekana mchekeshaji. Lambert aliwahi kuimba "Killer Queen" amejilaza kwenye kochi, upepeo mkononi, na mzaha huo ni wake mwenyewe.

Jukwaani, mtaje marehemu wewe kwanza, lakini baada ya nyimbo kadhaa, watu wakiwa wameshaisikia sauti yako. Lambert huwaambia wazi kwamba Freddie ni mmoja tu, na kwamba yeye ni shabiki kama wao. Akitokea mtu wa kuliita jina hilo katikati ya wimbo, usimjibu kwa ukali, endelea kuimba.

Hatimaye, mwachie marehemu wimbo mmoja. Katika "Love of My Life", Brian May, mpiga gitaa wa Queen, huketi peke yake na gitaa, umati huimba, na kuelekea mwisho sura ya Freddie hujitokeza kwenye skrini ikiumalizia. Wakati huo kaa nyuma ya pazia, unywe maji, wala usichungulie. Makofi yakitulia, rudi na wimbo wa kasi.