Jupyter ndani ya Docker: unganisha folda kwanza

Ukiendesha Jupyter (programu ya madaftari ya kuandikia na kuendesha msimbo) ndani ya kontena la Docker (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu), ingia kwenye folda ya kazi yako kisha uunganishe folda hiyo tangu mwanzo:

docker run --rm -p 127.0.0.1:8888:8888 -v "$PWD":/home/jovyan/work quay.io/jupyter/scipy-notebook

Kinachookoa kazi hapo ni -v, inayounganisha folda uliyomo na folda ya work ndani ya kontena. Unachohifadhi ndani ya work kinaandikwa kwenye diski ya kompyuta yako, kwa hiyo --rm ikilifuta kontena, madaftari yanabaki. Ukihifadhi nje ya work, hata hatua moja tu juu yake, yanaondoka nalo. Hiyo 127.0.0.1 nayo usiiache: bila hiyo Docker huiweka poti wazi kwa mtandao mzima, na Wi-Fi ya ofisini hamuitumii wawili tu. (Ni quay.io kwa sababu taswira za Jupyter, yaani vifurushi vinavyoanzishia kontena, zilizo kwenye ghala la Docker Hub hazisasishwi tangu Oktoba 2023.)

Inapogoma: kwenye Linux, mtumiaji jovyan, ambaye Jupyter huendeshwa kwa jina lake ndani ya kontena, ana namba 1000. Kama yako ni nyingine (angalia kwa id -u), Jupyter itakataa kuhifadhi kwa kukosa ruhusa. Ongeza --user root -e NB_UID=$(id -u) kabla ya jina la taswira. Wengi hukimbilia chmod 777, yaani kumpa kila mtu ruhusa zote kwenye folda. Inafanya kazi, ila ni uvivu.

Maktaba haziokoki kwa njia hii. Ulichoweka kwa pip install ndani ya daftari hufutika pamoja na kontena. Unachokihitaji kila siku kiandike kwenye Dockerfile (faili la maelekezo ya kujenga taswira yako), na toleo lake.