Kabla Hujaziba Joto na Kelele Ndani ya Gari la Spoti Ulilojiundia: Mambo ya Kuzingatia

Gari likishawaka na kutembea, kinachofuata ni kutaka likalike. Nyayo zinaungua, tuta la katikati ya viti halishikiki, na ukikolea mwendo huwezi kuongea na uliyekaa naye. Haraka ya kutafuta nafuu ndiyo iliyonifikisha pabaya. Kwa hiyo soma haya kabla hujabandika hata kipande kimoja.

Kwanza, liendeshe likiwa tupu, bila zulia wala urembo, kwa wiki mbili hivi. Mwachie mwenzako usukani, wewe upitishe kiganja kwenye sakafu, kwenye ukuta wa mbele (ule unaotenga injini na chumba cha kukaa) na kwenye tuta, kisha uchore kwa chaki mahali panapochoma. Kelele nazo zina kwao. Ikipanda pamoja na mizunguko ya injini hata gari likiwa limesimama, hiyo ni ya injini au ekzosi. Ikibaki palepale unapoachia gari liteleze bila gia mahali salama, hiyo ni ya matairi na upepo, na hakuna sponji ya ukuta wa mbele itakayoipunguza.

Ziba mivujo ya ekzosi. Gasketi ya manifoldi, pale ekzosi inapoungana na injini, ikipasuka hutoa mlio wa kutikatika injini ikiwa baridi na huacha masizi meusi pembeni. Hiyo ni gasketi ya kubadilisha, usiifunike kwa kitambaa cha kuzuia joto ukadhani umemaliza.

Angalia raba zinazoshika injini na zile zinazoning'iniza ekzosi. Ukifunga injini kwa chuma juu ya chuma, chasi nzima inageuka ngoma.

Kisha matundu. Kila mahali waya, kebo, hosi au nguzo ya stering inapopenya ukuta wa mbele, pana nafasi. Ingiza taa yenye mwanga mkali upande wa injini usiku, uketi ndani gizani, na kila mwanga unaouona ni njia ya kelele, ya hewa ya moto na ya moshi. Hapa sitaki mzaha kabisa. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Gari likienda kasi, shinikizo la hewa ndani mara nyingi hushuka, likavuta kilichoko chini na mbele. Ukishuka na kichwa kinauma na unajisikia kichefuchefu baada ya safari fupi, usiseme ni uchovu. Tumia raba za matundu na silikoni inayostahimili joto, na uweke king'ora cha kaboni monoksidi ndani.

Kuhusu vifaa. Usitumie mikeka ya lami ya paa la nyumba: ikipata moto inalainika, inanuka na inaachia. Usitumie sponji ya godoro, inanyonya maji ikayaweka juu ya bati mpaka kutu ianze, na ikishika moto huizimi. Kata kipande cha chochote unachotaka kuweka, kipeleke nje, kiwashie kiberiti. Kikiendelea kuwaka baada ya kuondoa kiberiti, hakiingii ndani ya gari.

Mikeka ya butili, raba nzito inayonata, yenye ngozi ya alumini ni mizuri, lakini kazi yake ni kutuliza bati lisitetemeke. Haizuii sauti kupita, wala si kinga ya joto. Ukifunika takriban robo ya bati, pale katikati panapolia ukipagonga kwa kidole, umeshapata sehemu kubwa ya faida. Anayefunika kila inchi anaongeza uzito bure, na gari la namna hii uhai wake ni wepesi. Lotus Seven ya 1957, gari dogo la spoti la Uingereza ambalo magari mengi ya kujiundia yanaiga mpaka leo, ilijengwa kwa mabomba membamba ya chuma na mabati ya alumini kwa sababu hiyo hiyo. Mkeka mzito wa vinaili wa kuzuia sauti una karibu kilo 5 kwa mita moja ya mraba. Mita nne tu, umeshajitwika kilo 20.

Mvumo mzito unaokusumbua kwenye mizunguko fulani nao usiufuatie na sponji. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3000 kwa dakika inafyatua mara 100 kwa sekunde, na mvumo wa chini namna hiyo unapenya sponji nyembamba kama haipo. Dawa yake iko kwenye sailensa.

Karatasi ya alumini inayorudisha joto inahitaji nafasi ya hewa mbele yake. Ukiibana ikagusana na chenye moto, haiakisi tena, inapitisha. Bora bati jembamba la chuma cha pua, lililoinuliwa kwa vipande vya bomba ili hewa ipite pande zote mbili. Chuma cha pua hupitisha joto kwa shida, tofauti na alumini ambayo inalisambaza sakafu nzima.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Gari langu injini iko mbele, na ekzosi inapita ndani ya tuta la katikati pamoja na propela, ile shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Bomba la breki za nyuma nililipitisha humo humo, karibu vidole vitatu kutoka kwenye ekzosi. Miezi ya mwanzo hapakuwa na tatizo, maana tuta lilikuwa wazi chini na hewa ya barabarani ililipepea. Likawa linachoma paja na kupiga kelele, nikaamua kulimaliza. Nikabandika butili, nikaweka sponji yenye vinyweleo vilivyofungika, nikalaza karatasi ya alumini, kisha nikafunika na chini kwa bati ili mngurumo wa barabara usiingie. Ndani kukatulia kweli. Tuta likawa vuguvugu tu, nikafurahi.

Wiki ya tatu tulikwama kwenye foleni karibu saa nzima, jua kali, mdogo wangu akiwa pembeni. Njia ilipofunguka tukashika mteremko. Nikakanyaga breki, pedali ikazama karibu mpaka sakafuni kabla breki za mbele hazijashika kwa taabu. Nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono, tukasimama kwenye nyasi. Mdogo wangu hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Baada ya nusu saa pedali ilikuwa ngumu kama mpya. Hilo ndilo lililonipoteza. Nililipeleka gereji, fundi akatafuta mvujo, hakuna, tukabadilisha silinda kuu ya breki. Haikupita muda likatokea tena, safari hii kwa bahati nikiwa mwendo wa kutembea. Ndipo nikalala chini, nikafungua lile bati. Plastiki ya waya ndani ya tuta ilikuwa imekauka, inavunjika kama ganda la kitunguu. Rangi ya bomba la breki ilikuwa imeungua upande mmoja tu, ule unaotazama ekzosi.

Mafuta ya breki yalikuwa yanachemka. Yana madaraja: DOT 3 mpya hutakiwa kustahimili angalau 205°C kabla ya kuchemka, DOT 4 angalau 230. Lakini yananyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya, viwango vya chini vinashuka hadi 140 na 155. Mvuke unaminyika, kimiminika hakiminyiki, kwa hiyo mguu unabana mvuke na gurudumu halipati kitu. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa mafuta na ushahidi unapotea. Fundi hakukosea, hakukuwa na cha kuona.

Joto nililolizuia lisije kwangu halikwenda popote. Nililifungia ndani na breki.

Kwa hiyo kabla hujaziba, lipe njia ya kutoka. Hewa iliyopita kwenye rejeta lazima iwe na tundu la kutokea, kwenye boneti au nyuma ya matairi ya mbele, la sivyo inasukumwa chini ya miguu yako. Tuta lenye ekzosi liache wazi nyuma na chini. Bomba la breki, la klachi na la petroli yapitishe nje ya tuta. Ikishindikana, yawe upande wa mbali na bati la kinga katikati, na yafungwe kwa klipu za chuma. Zile nyuzi za plastiki za kufungia waya zinayeyuka, bomba linaangukia kwenye moto. Kama injini iko nyuma na rejeta mbele, zile hosi za maji ya karibu 90°C zinazopita kati ya viti zivishe zenyewe kinga ya joto, usivishe tuta. Mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili hata kama gari halitembei.

Ekzosi ya chuma cha kawaida ukiifunga kitambaa cha joto, ifungue uitazame, unyevu unakaa humo na kutu inakula kimyakimya. Insulesheni iliyolowa oili itupe. Masikio nayo, kelele ya desibeli 85 mwisho wake ni muda wa saa nane kwa siku, ya 88 ni muda wa saa nne; kama gari lako limezidi hapo, vaa vizibo kwenye safari ndefu, usione aibu. Kizima moto kiwe mahali mkono unafika ukiwa umefunga mkanda. Baada ya kilomita 100 za kwanza lala chini tena, gusa, nusa, angalia plastiki zilizobadilika rangi. Na zulia la tuta usiligandishe kwa gundi, lifunge kwa vifungo, kwa sababu utalifungua tena.